Mtoto wa Pangani alipokwama kwenye maji ya Waholanzi

Mjomba wangu ni mvuvi wa Pangani. Kwake yeye, mtu asiyejua kutofautisha bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na maji mafu, yale yanayosogea kidogo tu, hajasoma, hata akiwa na shahada tatu ukutani. Kwa hiyo nilipomuaga kwenda Delft, Uholanzi, kusoma uhandisi wa maji, hakuniuliza chuo kikoje wala baridi ikoje. Aliniuliza: "Na huko maji yanapwa?"

Nikamjibu kwamba nitamwambia nikifika. Mwaka ukapita sijamwambia.

Delft maji hayapwi. Yamelala kwenye mifereji kama chai iliyosahaulika mezani, bata juu, baiskeli za watu chini. Ukitaka kuyaona yakienda na kurudi lazima utoke, na mwenzangu wa Mombasa anayefanya kazi Rotterdam alikuwa keshachoka kunisikia nikilalamika. Ijumaa moja mwishoni mwa Septemba akanipigia: "Kesho twenda Dordrecht. Mji wa kale, na pori la maji nyuma yake. Nishalipia chumba, usinletee habari za mitihani."

Treni kutoka Rotterdam haifikishi hata nusu saa. Sisi tulichukua Waterbus, boti ya abiria inayoondokea karibu na daraja la Erasmusbrug, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Ni kama saa moja, baiskeli unapanda nayo, na unaona nchi hii kwa upande wake wa nyuma, upande ambao haujapakwa rangi kwa ajili ya wageni: karakana za meli, marundo ya mchanga, matishari marefu yaliyoshiba mzigo mpaka maji yanalamba sitaha. Nahodha na mkewe wanaishi humo humo. Dirishani kuna mapazia ya lesi na maua kwenye vyungu, na juu ya paa la nyumba yao wamepakia gari dogo, wakifika bandarini walishushe waende sokoni.

Njiani kuna mahali pa kushukia kwenda Kinderdijk, penye vinu vya upepo 19 vilivyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997. Hatukushuka. Vinu hivyo nimeviona kwenye kila kikombe na kila sumaku ya friji tangu nitue. Hekaya ya jina lake ndiyo inayonipendeza: eti baada ya gharika kubwa, kitanda cha mtoto mchanga kilionekana kikielea, na paka ndani yake akiruka upande huu na upande ule kukisawazisha kisipinduke, mpaka kikafika kwenye tuta salama. Kinderdijk, tuta la mtoto. Gharika yenyewe si hekaya, na tutairudia.

Boti inapokaribia Dordrecht unaelewa kwa nini mji uko pale. Mito mitatu inakutana mbele ya mlango wake, Oude Maas, Noord na Beneden Merwede, na kwenye ncha hiyo, wanayoiita Groothoofd, kuna lango la zamani lenye kuba na benchi za kukalia. Tulikaa pale karibu saa nzima na mifuko yetu miguuni, tukila kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga ambavyo mwenzangu alivipaka pilipili aliyotembea nayo kwenye kichupa. Tishari likija kutoka kushoto, jingine kulia, la tatu linajitokeza katikati, kila moja refu kama mtaa, na hakuna honi hata moja. Nilikumbuka pantoni letu la kuvukia Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani, na kelele zake zote.

Wadordrecht walijua thamani ya kona hiyo mapema. Mji ulipata hati yake mwaka 1220, na mwaka 1299 ukapewa haki ya kulazimisha vyombo vinavyopita kusimama, kushusha shehena na kuiuza pale pale kwanza. Mvinyo kutoka bonde la Rhine, mbao, nafaka, chumvi, vyote vilisimama. Huhitaji kiwanda wala shamba ukiwa na kona kama hiyo. Unahitaji karani na mizani. Mitaa bado ina majina ya biashara hiyo, kama Wijnstraat, mtaa wa mvinyo, na nyumba zake za mawe na matofali zimejiinamia kidogo barabarani, kama wazee wanaotaka kusikia unachosema.

Mji wa ushuru huzaa wakwepa ushuru. Inasimuliwa kwamba wanaume wawili walitaka kuingiza kondoo mjini bila kumlipia, wakamvisha nguo za binadamu, wakamshika huku na huku wakampitisha langoni kama mwenzao wa tatu. Wangefanikiwa, ila kondoo akalia. Tangu hapo watu wa Dordrecht huitwa vichwa vya kondoo, na badala ya kukasirika wamelitia jina hilo kwenye biskuti na kwenye sanamu. Mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema Mombasa wangemvisha buibui, na asingekaguliwa.

Kitu kilichonisimamisha hasa kiko Voorstraat, na ungeweza kukipita mara kumi usikione. Voorstraat ni mtaa wa maduka, mrefu, wenye nguo, miwani na mikate kama mitaa yote. Lakini umejengwa juu ya tuta. Mtaa wenyewe ndio tuta la kuzuia maji. Nyumba za upande wa bandari ya zamani ziko nje ya ulinzi, na ukichungulia pembeni mwa baadhi ya milango utaona mifuo miwili iliyosimama wima, mmoja kila upande. Maji yakitangazwa kupanda sana, mbao zinatelezeshwa kwenye mifuo hiyo, mlango unafungwa kama mtu anayefumba mdomo.

Nilipiga magoti nikapitisha kidole kwenye mfuo wa duka moja. Muuzaji akatoka akadhani nimedondosha kitu. Nilipomweleza ninachokitazama alifurahi kuliko kama ningenunua. Darasani tunachora matuta kwa kompyuta, mstari wa kijani, mstari wa buluu, na mwalimu anasema "kimo cha usalama". Hapa kimo cha usalama kilikuwa kizingiti cha duka, na mbao zake ziko stoo nyuma ya masanduku ya viatu.

Mambo mengine ya mji tuliyapitia haraka, na sioni haya kusema hivyo. Het Hof, iliyokuwa nyumba ya watawa, ndipo wajumbe wa miji 12 walipokutana Julai 1572 bila ruhusa ya mfalme wa Uhispania, wakamtambua William wa Orange kuwa kiongozi wao. Waholanzi wengi wanahesabu hapo kuwa mwanzo wa nchi yao. Mwaka 1618 na 1619 mji huu huu ulikaribisha mkutano mkubwa wa makanisa ya Kiprotestanti, uliotoa agizo la kutafsiri Biblia ambayo ilitoka 1637 na kukisuka Kiholanzi cha maandishi. Kuna sanamu ya ndugu wawili wa ukoo wa De Witt, wenyeji wa hapa. Johan aliliongoza jimbo la Holland kwa karibu miaka ishirini, kisha mwaka 1672 umati ukamuua yeye na kaka yake Cornelis kule The Hague. Kwenye sanamu wana utulivu usiofanana kabisa na mwisho wao.

Grote Kerk, kanisa kubwa la mji, ilitupa kazi zaidi. Mnara wake ulikusudiwa kupanda zaidi ya mita 100, lakini ardhi ya hapa ni tope, ukaanza kuegama ungali unajengwa. Wakasita. Baadaye wakaufunika kwa saa nne, kila upande moja, ukabaki hivyo kama mtu aliyenyang'anywa kofia. Umeinama zaidi ya mita 2. Tulipanda ngazi za mzunguko mpaka magoti yakaanza kuzungumza, na juu kule upepo ulitaka kumvua mwenzangu mtandio. Upande mmoja mapaa mekundu na bandari ndogo zilizojaa mashua za mbao. Upande wa pili, zaidi ya nyumba, rangi ya kijani iliyokatwakatwa na maji yanayong'aa. Biesbosch, lile pori la maji.

Na hapo ndipo gharika inapoingia. Mpaka mwaka 1421 kule kulikuwa na mashamba na vijiji, sehemu iliyoitwa Grote Waard. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Novemba, siku ya Mtakatifu Elizabeth, tufani ilisukuma bahari juu ya mito nayo mito imejaa, matuta yakapasuka. Dhoruba ilitoka kwa Mungu, ila udhaifu wa matuta ulitoka kwa watu: vikundi vya watawala vilikuwa vikipigana, fedha za ukarabati hazionekani, na udongo wa mboji ulikuwa umechimbwa hata karibu na matuta, uchomwe kupata chumvi. Kwa karne nyingi watu walisimulia kwamba vijiji 72 vilizama na watu 100,000 wakafa. Wanahistoria wa leo wanasema waliokufa ni wachache mno kuliko hapo, huenda kama elfu mbili, na vijiji vingine vilihamwa taratibu kwa kuwa hakuna aliyeweza kulipia matuta mapya. Dordrecht ikaamka imekuwa kisiwa. Miaka kama 70 baadaye mji ukachorewa gharika hiyo kwenye mbao za madhabahu za kanisa hili. Sasa ziko Rijksmuseum, Amsterdam. Nimeziona. Watu wanakuja mjini na mashua zilizojaa vyombo vya ndani, na wengine wako nchi kavu wamebeba mizigo kichwani, sawasawa na mafuriko ya Rufiji kwenye televisheni.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya ngazi ambayo kwetu ingeitwa ya kuangulia nazi. Usiku mwezi mpevu ukasimama dirishani juu ya bandari, mkubwa, wa manjano. Niliupiga picha nikaituma kwenye kundi la familia. Kumbuka picha hiyo.

Jumapili asubuhi tulikodi baiskeli tukaenda Biesbosch, kama nusu saa tu kutoka katikati ya mji, na kufika saa nne tukakodi mtumbwi wa plastiki. Kijana wa pale akatuonyesha ramani na ubao wenye saa za maji kujaa na kupwa. Akaanza kueleza. Nikamkatiza kwa adabu. Nikamwambia nimezaliwa mdomoni mwa mto wenye maji yanayopanda na kushuka zaidi ya mita 3, na tena nasoma Delft. Mwenzangu alinitazama, akanyamaza.

Kosa langu lilikuwa la kusoma nusu. Nilichokumbuka kutoka darasani ni hiki: usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta ya kusini-magharibi na kuua watu 1,836 nchini. Waholanzi wakaapa. Wakafunga midomo ya bahari mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1970 wakafunga Haringvliet kwa boma lenye milango 17. Biesbosch, ambayo maji yake yalikuwa yakipanda na kushuka kama mita 2 kila siku, ikabaki na sentimita 20 au 30. Matete na mafunjo yaliyoipa jina lake yakapungua, kingo zikaanza kumomonyoka mahali pale pale kila siku kwa kuwa maji hayahami tena. Tangu 2018 milango hiyo huachwa wazi kidogo hali ikiruhusu, samaki wahamaji wapate njia. Somo zuri sana. Ila sentimita 20 ni za upande wa Brabant, mkoa wa kusini. Upande wa Dordrecht, bahari bado inapenya kwa njia ya Rotterdam, mlango ambao hawakuufunga kwa sababu ya meli, na maji yanacheza karibu sentimita 70. Hilo nalo lilikuwa kwenye slaidi. Slaidi iliyofuata.

Kwa saa mbili tulikuwa peponi. Vijito vinapinda kati ya miti wanayoiita wilg, mashina mafupi manene yenye fimbo nyingi kichwani, mizizi ikining'inia juu ya tope. Mimi niliishia kuiita mikoko yao, na si kwa sura tu. Kama boriti za Rufiji zilivyokatwa na kusafirishwa hadi Arabuni, fimbo hizi zilikatwa kila baada ya miaka michache na wanaume waliolala humu wiki nzima kwenye vibanda vya matope na matete. Zilisukwa mikeka mikubwa, mikeka ikazamishwa kwa mawe, na juu yake yakajengwa matuta ya nchi hii. Mdiria alitupita kama kokoto ya buluu iliyorushwa. Kwenye ukingo tukaona shina lililotafunwa pande zote mpaka likachongoka kama penseli, kazi ya biva, yule mnyama mwenye meno ya patasi na mkia bapa. Wa mwisho nchini aliuawa mwaka 1826, na mwaka 1988 wakaletwa wengine kutoka mto Elbe, Ujerumani, wakaachiwa humu humu Biesbosch. Nilitaka kumwona. Tukaingia kijito chembamba zaidi, halafu chembamba zaidi.

Saa sita mwenzangu akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Wee mwana wa Pangani. Maji yapwa haya."

Nilitazama ukingo. Mizizi ilikuwa na mkanda wa unyevu upana wa kiganja. Tukageuza. Tulipiga makasia kama tunafukuzwa, tukapiga kona mbili, ya tatu mtumbwi ukakwaruza, ukasita, ukakaa. Nilichomeka kasia kwenye tope likazama mpaka kwenye kiganja cha mkono wangu. Kushuka haiwezekani. Na ndipo mwezi wa jana usiku uliponijia kichwani. Mwezi mpevu. Bamvua! Nilikuwa nimelipiga picha bamvua lenyewe na kuwatumia ndugu zangu.

Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Mwenzangu akatoa chapati na chupa ya chai ya tangawizi, bila neno, na kule kunyamaza kwake kulinichoma kuliko kucheka. Kisha akacheka. Mdomoni mwa kijito ikapita mashua ya umeme, zile ambazo Waholanzi wanaziita mashua za kunong'ona kwa kuwa hazina kelele, na ndani yake mzee na mkewe. Wakatuuliza kama tuna shida. Nikasema tunasubiri maji. Mzee akatazama ukingo, akatazama saa, akasema bado "uurtje". Waholanzi hawana saa, wana kasaa. Hawana bia, wana kabia. Kasaa kale kalikuwa saa mbili kamili.

Lakini ukikwama, pori linakusahau. Tope lililokuwa kimya likaanza kutoa viputo na sauti ndogo za kulambalamba. Korongo akashuka hatua chache kutoka kwetu akavua kana kwamba sisi ni gogo. Nikawaza habari niliyoisoma asubuhi kituoni: majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, kusini kumeshakombolewa na kaskazini bado kuna Wajerumani, wanaume 21 wa vijiji vya hapa walivuka pori hili usiku kwa mashua za makasia, mamia ya safari. Kwenda kaskazini walibeba dawa, kurudi kusini walileta watu na taarifa. Hawakuwasha taa. Walijua kila kijito na saa yake ya kukauka. Wangekwama kama mimi wangekufa. Baadhi yao walikamatwa na kuuawa.

Saa tisa na dakika chache jani moja lililokuwa limelala kwenye tope mbele yetu likainuka, likageuka, likaanza kuelea kuja juu. Sijawahi kushangilia jani kiasi kile. Biva hatukumwona.

Kijana wa mitumbwi alituona tukija na matope mpaka viwikoni. Hakusema kitu. Alifuta tu vumbi kwenye ule ubao wa saa, polepole, kwa mkono wa shati.

Jioni, kwenye boti ya kurudi Rotterdam, nilimpigia mjomba. Nikamweleza yote, kwa kuwa nilijua mwenzangu angeyaeleza kama mimi nisingeyaeleza. Alisikiliza kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Kwa hiyo yanapwa," akasema.

"Yanapwa, mjomba."

"Kiasi gani?"

Nikapima kwa mguu wangu. "Yanapita goti kidogo. Bamvua."

Nikasikia akimwita mkewe, akimwita na jirani, akirudia neno goti mara mbili kwa sauti. Kisha akarudi kwenye simu. "Goti," akasema. "Wamekukamata kwa goti. Na samaki je, hamkupata hata mmoja?"